Mguu na Pigo: Ulinganifu wa Hatua na Mdundo katika Rumba na Chacha

Mhadhara uliotolewa mbele ya wakaazi wa Rasbura, Lindi



Nasimama mbele yenu hapa Rasbura ili nizungumze juu ya jambo ambalo wengi hulifanya na wengi hulipenda, lakini wachache huketi wakalitafakari: namna hatua ya mchezaji inavyopaswa kulingana na mdundo wa muziki katika dansi za wawili wawili zilizotoka Kuba, yaani rumba, chacha na jamaa zao, ambazo babu na bibi zetu walizicheza katika kumbi za miji ya nchi hii kabla wengi wetu hatujazaliwa, na ambazo vijana wa leo wanazirudia kwa jina la salsa wakidhani kuwa ni ngeni. Rai yangu naiweka wazi tangu mwanzo, ili kila asikiaye aipime kadiri maneno yanavyoendelea: sikio ndilo mwalimu wa kwanza wa mguu, na mtu wa pwani hii ya kusini, aliyekulia katika sauti za vumi, chapuo na kayamba, amekwisha kuirithi nusu ya ilmu hii, ila hajafundishwa kuitambua kuwa ni mali yake.

Tuanze na usuli wa jambo. Muziki wa rumba na wa chacha huenda kwa mafungu ya mapigo manne yanayorudiarudia bila kukoma, na mchezaji anayetaka hatua zake zilingane na muziki huo ana mambo matatu ya kutimiza. La kwanza ni kasi, yaani mguu usiutangulie muziki wala usichelewe nyuma yake. La pili ni mahali, yaani hatua ianguke juu ya pigo lililokusudiwa miongoni mwa yale manne. La tatu ni muda, yaani kila hatua ipewe urefu wake wa haki, iliyo ndefu iachwe iwe ndefu na iliyo fupi isivutwe. Aghlabu watu huyaona mambo haya kuwa ni moja; wakiisha kuipata kasi hudhani wamemaliza kazi, na ndiyo maana utamwona mtu uwanjani anakwenda mbio zilezile za muziki, hakosi wala hazidishi, na bado macho ya watazamaji yanasema kuwa kuna kitu hakikukaa sawa. Kitu hicho ni mahali: mguu wake unakwenda sambamba na ngoma, lakini unatua penye pigo lisilo lake.

Kasi yenyewe si ngumu kuipima. Katika mashindano ya kimataifa, rumba hupigwa baina ya mafungu 25 na 27 kwa dakika, nayo ni mapigo 100 hadi 108, na chacha hupigwa baina ya mafungu 30 na 32, yaani mapigo 120 hadi 128. Mtu yeyote mwenye afya aweza kutembea kwa mwendo huo. Ugumu umo katika kulijua pigo la kwanza ni lipi, la pili ni lipi, na kwa nini muziki huu, tafauti na muziki wa gwaride tuliouzoea katika beni, haukupigii kelele pigo la kwanza likakujulisha kuwa limefika.

Ili tulifahamu hilo, hatuna budi kuirejea tarikhi. Watu wa Afrika waliochukuliwa utumwani hadi Kuba, wengi wakitoka Kongo na Afrika ya Magharibi, walifika bila mali wala uhuru, lakini mpangilio wa ngoma zao haukuweza kunyang'anywa mikononi mwao. Na tusidhani kuwa upande wetu haukuwamo kabisa. Katika karne ya 19 walikuwamo huko watu waliotolewa pwani ya Msumbiji, na jina la Wamakua, ambao ni majirani na jamaa zetu, likawa miongoni mwa majina ya makabila ya Kiafrika yaliyotajwa katika kisiwa kile. Ngoma za watu hao zikakutana na magitaa na nyimbo za Wahispania, na katika makutano hayo ukazaliwa muziki wa son, ambao baadaye uliuzwa ulimwenguni kwa jina la rumba.

Muziki huo ulirudi Afrika kwa njia ya sahani za santuri. Wimbo wa El Manicero, uliorekodiwa na Don Azpiazu na wenzake mjini New York mwaka 1930, ulikuwa wa kwanza katika mfuatano wa santuri zilizotiwa alama ya GV, ambazo kampuni ya His Master's Voice ilianza kuziuza Afrika mnamo mwaka 1933. Santuri hizo zilipigwa majumbani na mahotelini kutoka Kongo hadi pwani yetu, na waliozisikia hawakuona ugeni wowote, kwa sababu masikio yao yaliutambua mpangilio ule kabla ya akili kupata nafasi ya kuuliza umetoka wapi. Salum Abdallah alianzisha bendi Morogoro mwaka 1948, na bendi yake ikapata umaarufu kwa jina la Cuban Marimba, jina ambalo peke yake latosha kutuonyesha mapenzi yalielekea wapi. Nasi watu wa kusini tuna fahari yetu, kwani mwaka 1958 Ahmed Kipande aliasisi mjini Dar es Salaam bendi iliyobeba jina la nchi yetu, Kilwa Jazz, na jina la Kilwa likatajwa katika kumbi za dansi kama lilivyotajwa zamani katika vitabu vya wasafiri.

Sasa tuingie ndani ya muziki wenyewe. Chini ya rumba na ndugu zake wote mna ufunguo mmoja, unaopigwa kwa vijiti viwili vya mti mgumu viitwavyo klave, na hata pale vijiti hivyo visipopigwa, wapigaji wote huwa wanavisikia moyoni. Mapigo yake ni matano, nayo yameenea juu ya mafungu mawili ya mapigo manne manne. Katika fungu la kwanza kijiti hugonga juu ya pigo la kwanza, kisha baina ya la pili na la tatu, kisha juu ya la nne. Katika fungu la pili hugonga juu ya pigo la pili na la tatu tu, halafu hunyamaza. Fungu moja lina mapigo matatu ya kijiti yanayovutana, na la pili lina mawili yaliyotulia, na mvutano huo wa tatu kwa mbili ndio unaompa mchezaji hamu ya kuendelea, maana kila anapohisi kuwa muziki umetua, huona umemwondokea tena.

Juu ya ufunguo huo hukaa gitaa la besi, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea njia. Tumezoea kufikiri kuwa sauti nzito ndiyo ya kufuatwa, kwa kuwa katika beni na katika gwaride sauti nzito huanguka juu ya pigo la kwanza na mguu wa kushoto ukatua pamoja nayo. Lakini besi ya Kikuba hufanya kinyume. Hugonga baada ya pigo la pili, hugonga tena juu ya la nne, kisha sauti ile ya nne huachwa ivume mpaka ipite juu ya pigo la kwanza la fungu linalofuata bila kuligusa upya. Pigo la kwanza lipo, ila halina mtu wa kulitangaza. Kwa hiyo mchezaji anayeikimbilia besi na kuifanya kuwa pigo lake la kwanza hujikuta amelitangulia fungu kwa pigo zima, na kila anavyojitahidi zaidi ndivyo anavyozidi kuwa mbali na mwenzi wake.

Ala ya kufuatwa ni tumba. Mpigaji wa tumba hulifungia pigo la pili kwa kofi kali la mkono, na juu ya pigo la nne na nusu inayolifuata huiacha ngozi iseme kwa sauti mbili za wazi. Yeyote atakayejizoeza kuisikia tumba, akaliacha kofi limwonyeshe pigo la pili na zile sauti mbili zimwonyeshe la nne, hatapotea tena hata kama mwimbaji atachelewa kwa makusudi na tarumbeta zitaingia pasipotarajiwa. Katika chacha, fauka ya hayo, kengele ndogo hugongwa sawasawa juu ya kila pigo, nayo ni rehema kwa mwanafunzi.

Sasa mguu uwekwe wapi? Swali hili liliwahi kuleta ubishi mkubwa baina ya walimu wa dansi wa Uingereza. Kabla ya Vita Vikuu vya pili walimu wa London waliifundisha rumba kwa kuanza na pigo la kwanza, wakitembea kwa umbo la mraba, hata Pierre Zurcher-Margolle, mwalimu maarufu aliyeitwa na wengi Monsieur Pierre, aliposafiri hadi Havana mwaka 1947 akaona kuwa Wakuba wenyewe hupeleka mguu juu ya pigo la pili. Aliporudi akalitangaza hilo yeye na mwenzi wake Doris Lavelle, na mabishano yakadumu miaka kadhaa, mpaka mtindo aliouleta ukashinda na kukubaliwa katika mashindano ya ulimwengu. Katika taratibu hiyo hatua tatu huanguka juu ya pigo la pili, la tatu na la nne, na hatua iliyo juu ya pigo la nne hurefushwa ikalimeza pigo la kwanza lifuatalo. Mguu hautembei hapo, ila mwili hautulii bure: uzito hukamilika kuhama, goti hunyooka, na kiuno hukaa mahali pake. Pigo la kwanza, ambalo besi imelinyamazia, mchezaji hulijaza kwa kiuno. Tazameni ulinganifu ulioje baina ya mpigaji na mchezaji!

Chacha nayo ina kisa kinachostahili kukumbukwa na kila anayefundisha. Enrique Jorrín, mpigaji fidla wa Havana katika Orquesta América, aliwaona wachezaji wakipata taabu kuzifuata nyimbo ambazo sauti zake zilijificha baina ya mapigo. Badala ya kuwalaumu, akatunga nyimbo ambazo mahadhi yake yalitua wazi zaidi juu ya mapigo, na mwaka 1953 wimbo wake wa La Engañadora ukapata sifa kubwa. Wachezaji, walipopata nafasi ya kupumua ndani ya muziki, waliongeza wenyewe hatua tatu za haraka, na mchakacho wa viatu vyao juu ya sakafu ndio ulioipa dansi hiyo jina lake. Hatua hizo tatu huanzia pigo la nne, hupitia nusu yake, na kumalizikia juu ya pigo la kwanza. Nazo sauti mbili za wazi za tumba, nilizozitaja punde, huanguka papo hapo, kana kwamba mkono wa mpigaji na mguu wa mchezaji vimeahidiana. Natija ya kisa hiki ni kubwa: mwanamuziki aliitazama miguu ya watu kabla ya kutunga, na miguu ya watu nayo ikamjibu. Ulinganifu wa hatua na mdundo ni mapatano ya pande mbili.

Mapatano hayo wanamuziki wetu waliyafanya kwa namna yao. Bendi za Kongo, kuanzia African Jazz ya Joseph Kabasele, iliyotupa Indépendance Cha Cha mwaka 1960, zilizichukua ala za Kuba, lakini zikalikabidhi gitaa kazi ya piano na tarumbeta. Na bendi za Tanganyika, na baadaye Tanzania, zikaendelea na njia hiyohiyo huku zikiongeza ngoma za nyumbani. Kila bendi kubwa ilikuwa na mtindo wake, nao mtindo haukuwa jina la kupendezesha tu, bali ulimwambia mchezaji namna ya kwenda: Saboso ya Western Jazz, Msondo wa NUTA Jazz, na Sikinde ya Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978 na kuliazima jina hilo katika ngoma ya Wazaramo. Wimbo wa dansi wa kwetu, kama mjuavyo, una sehemu mbili. Katika ya kwanza mwimbaji husimulia habari yake kwa utulivu, na mume na mke hucheza wakishikana. Katika ya pili, iitwayo chemko, magitaa husukana, tumba hupanda, na wachezaji huachana mikono kila mmoja akaonyesha ustadi wake. Mchezaji hodari hujulikana pale sehemu moja inapopokea nyingine: kasi yake habadilishi kwa pupa, mapigo yake hayapotezi, na mwenzi wake hamwachi ghafula.

Nimesema kuwa nusu ya ilmu hii tunayo, na sasa yanipasa kulithibitisha dai hilo. Katika ngoma nyingi za kusini mchezaji hufungwa njuga miguuni, na njuga ni hakimu asiyepokea rushwa: mguu ukitua kabla ya pigo kijiji kizima husikia, ukichelewa pia husikia. Mchezaji wa sindimba haulizi pigo la kwanza li wapi, kwa maana tangu utoto wake amefundishwa kwa sikio ngoma ipi ni ya kuulizia na ipi ni ya kujibu, ipi hushika mwendo usiobadilika na ipi huruhusiwa kucheza juu yake. Klave ya Kuba hufanya kazi ileile ambayo ala ya kushika mwendo huifanya katika ngoma zetu. Tumba ni ndugu wa ngoma zetu za kiganja. Na mchakacho wa manyanga ya Kuba hautafautiani sana na wa kayamba. Anayeweza kuingia katika duara la ngoma bila ya kukosea aweza kuingia katika rumba, sharti moja tu: aisikilize kwa sikio lilelile alilolisikilizia ngoma ya kwao, asilivue mlangoni kwa kudhani kuwa ukumbi una sheria nyingine.

Hata hivyo kuna tafauti ambazo hatupaswi kuzificha. Katika chakacha na katika sindimba kiuno chaweza kuwa ndicho kinachoanza, na miguu ikakifuata au ikatulia. Katika rumba ya wawili kiuno ni matokeo. Mguu hutua kwanza na uzito mdogo, goti hunyooka uzito ukiingia, ndipo kiuno kinapokwenda upande, nusu ya pigo baada ya mguu. Anayekitikisa kiuno kwa nguvu kabla uzito haujahama hujinyima nafasi ya kuikamilisha hatua, na hatua isiyokamilika huichelewesha ifuatayo. Kadhalika hatua ndefu ni adui wa mdundo. Mguu unaokwenda mbali huchukua muda mrefu kufika, na muda huo hutolewa katika pigo linalofuata. Kwa hiyo anayechelewa asiambiwe aharakishe, aambiwe afupishe.

Tafauti kubwa kuliko zote ni kuwapo kwa mwenzi. Katika ngoma ya duara kila mtu hujibu muziki kwa mwili wake. Katika dansi ya wawili miili miwili hujibu kwa pamoja, mmoja akiongoza na mmoja akifuata, na kazi hizo zote mbili zina heshima sawa. Anayeongoza lazima aifahamishe nia yake kabla ya pigo, kwa kuhama kwa kifua na kwa mkono uliotulia, kwani ishara inayotolewa juu ya pigo lenyewe humfikia mwenzi pigo likiwa limekwisha kupita. Anayefuata naye asikisie wala asitangulie. Asubiri ishara huku akiushika mdundo kwa sikio lake mwenyewe, maana anayeutegemea mwili wa mwenzake peke yake huanguka katika kosa lake. Wawili wakitafautiana juu ya pigo, dawa yake ni kusimama mahali pamoja, kuhamisha uzito kushoto na kulia bila kusafiri, wakaisikiliza tumba mpaka waafikiane, kisha waondoke pamoja. Adabu pia imo humu. Wazee wanaotia shaka juu ya vijana kushikana nawaheshimu, nami nasema kuwa dansi iliyofundishwa vyema huwaweka wachezaji katika nafasi inayowawezesha kusikilizana, na nafasi hiyo ndiyo staha yenyewe. Anayembana mwenzake humnyima pumzi na mdundo kwa pamoja.

Kwa hiyo nawapendekezea wanaofundisha vijana taratibu hii. Somo la kwanza liwe la kuketi: wanafunzi wausikilize wimbo mmoja mara nyingi, kila mara wakifuata ala moja, kwanza tumba, kisha besi, kisha vijiti, na wagonge makofi pamoja na ala hiyo mpaka makofi ya darasa zima yawe sauti moja. La pili liwe la kusimama bila kusafiri, uzito ukihama juu ya kila pigo. La tatu, mguu mmoja uanze kwenda, hatua ikiwa fupi kuliko urefu wa unyayo. La nne, wawili washikane viganja tu. Kumbatio lije mwisho, na mapambo ya mikono na mizunguko yaje baada ya mwisho huo. Njuga, ikiwa zipo, zifungwe tangu somo la tatu.

Wapo watakaosema kuwa kuhesabu moja mbili tatu nne kwatosha, na kwamba kusikiliza ala moja moja ni kupoteza wakati. Hesabu ina faida yake kwa anayeanza, kama mkono wa mzazi unavyomfaa mtoto anayejifunza kutembea. Lakini hesabu haina urefu wala ufupi, haina kofi wala mvumo, na mtu aliyezoea kuhesabu tu huanza upya kila bendi inapobadilika. Wapo pia watakaosema kuwa mdundo ni kipawa, aliyenyimwa kanyimwa. Hao nawajibu kuwa watoto wa vijiji vyetu hawakuteuliwa kwa kipawa walipoingia katika ngoma; waliingia wote, wakasikia kila siku, wakasahihishwa bila kutukanwa, na takriban wote wakaweza. Kinachohitajika ni sikio lililopewa muda.

Alhasili, ndugu zangu wa Rasbura, hatua hulingana na mdundo pale mchezaji anapoijua ala anayoifuata, anapolijua pigo analolitulia, anapoipa kila hatua muda wake, na anapokubaliana na mwenzi wake kabla hawajaondoka. Mambo hayo manne hayanunuliwi ng'ambo. Basi nawaomba wazee wenye kujua kupiga vumi na chapuo wasikae pembeni vijana wanapojifunza rumba na salsa, waje na ngoma zao, waketi karibu na sakafu, wapige. Nanyi vijana, kabla hamjaomba mfundishwe mzunguko mpya, waombeni wazee hao wawafundishe kusikia.